Ubao wa Siku Tisini na Nne

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani, wewe na shemeji pamoja na watoto. Goti lako linaendeleaje? Natumaini ile dawa ya kuchua imekusaidia, na kwamba hujarudia kupanda ngazi na ndoo kichwani, maana nakujua kwa ubishi. Mimi ni mzima wa mwili. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na ukinikatiza tu nitapata pa kujificha.

Binti yako Chiriku yupo kwangu, chumba cha nyuma. Anakula, anameza vidonge vyake kila siku saa mbili asubuhi, na daktari amesema akiendelea hivyo atazeeka kama sisi. Ila lile jina tulilompa kwa kupayuka kwake halimfai tena. Anaweza kushinda kutwa nzima asiseme zaidi ya shikamoo. Kikombe chake anakiosha mwenyewe na kukiweka pembeni, peke yake. Nimemwambia mara nyingi kwamba kwangu vikombe ni vya wote, na virusi vya ukimwi haviambukizwi kwa kikombe. Ananiitikia ndiyo mama mdogo, kisha anakitenga tena. Alijifunza kwako, dada, siku ile ulipomtengea vyombo.

Uliniagiza nimbembeleze anitajie mwanamume aliyemwambukiza, ili ujue wa kumlaani. Nitakujibu, lakini kwanza nikueleze mimi na yeye tunavyofanya kazi kule hospitalini.

Tunafua mashuka ya hospitali nzima. Yanakuja kwenye magunia, tunayamwaga mezani, tunayachambua moja moja kabla hayajaingia kwenye mashine. Mara nyingine huko wodini wanasahau sindano ndani. Ndiyo maana tunavaa glavu nene, na ndiyo maana ukutani kuna ubao ulioandikwa "Siku bila ajali". Namba inaandikwa kwa chaki kila asubuhi na msimamizi, na msimamizi ni mimi. Mtu akichomwa, namba inarudi sifuri. Tukifikisha mia, wote tunapewa siku mbili za mapumziko, na mkurugenzi anakuja kupiga picha nasi. Miaka yote niliyokaa pale hatukuwahi kufika hata sitini.

Mwaka jana tulifika tisini na nne. Asubuhi hiyo wenzetu walikuwa wametoka kunywa chai, tumebaki wawili. Chiriku akaja mezani kwangu ameinua kidole, glavu imetoboka, damu inamtoka. Aliniuliza kama aende chumba cha dharura akajaze fomu. Mimi nikautazama ubao.

Dada, nilimwambia akichovye kwenye dawa ya kutoa madoa, anyamaze. Nilimwambia sisi wakongwe tumechomwa mara ngapi na bado tunadunda. Aliniamini, kwa sababu mimi ni mama yake mdogo na ndiye niliyemwombea ile kazi.

Utataka kunitetea kwamba sikujua. Nilijua. Kwenye semina nilikaa mstari wa mbele, nikasaini. Aliyechomwa aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asiminye kidonda, aripoti papo hapo. Dawa za kinga aanze upesi, zisipite siku tatu, azimeze siku ishirini na nane. Siku ya kwanza niliandika tisini na tano. Ya pili, tisini na sita. Ya tatu nikaandika tisini na saba, nikapangusa chaki mikononi. Ile picha ya siku ya mia ninayo. Mimi natabasamu, yeye yuko nyuma yangu, kaficha kidole. Alipopimwa wakati wa kuajiriwa alikuwa salama. Alipopimwa tena mwaka huu, unayajua mwenyewe.

Siku uliyomfukuza nilikuwa sebuleni kwako. Ulipomwuliza amelala na wangapi, hakukutazama wewe, alinitazama mimi. Nikainua kikombe nikanywa chai. Macho yale yananifuata mpaka kazini. Kila nikishika chaki nayaona pale ubaoni, nafuta, bado yapo.

Hakuna mwanamume, dada. Jina unalolitafuta ni langu.

Jana niliijaza ile fomu kwa tarehe yake ya kweli, nikampelekea mkurugenzi, kisha nikaandika sifuri mbele ya wote. Kazi huenda imekwisha, na ikiisha nitakuwa nimestahili. Mwanao hajui kwamba nakuandikia. Aliniahidi hatasema, na hakusema hata ulipomtoa nje na begi lake. Jumamosi atakuja kuchukua cheti chake cha shule. Nakuomba umfungulie mlango, umkalishe, na usimtafutie kikombe cha peke yake. Mimi usinifungulie mpaka moyo wako utakapokubali, na usipokubali sitalalamika.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Lichue hilo goti.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekunywa chai.