Kuni za Boila Hazitoki Tena Mlimani

Kwa Mama yangu mpendwa,

Kabla sijasema lolote, niambie goti lako linaendeleaje, na kama Baba ameacha kulala redio ikinguruma. Mimi ni mzima kabisa. Baridi ya Bomet ni ile ile, lakini sweta uliyonifumia inaiweza. Leo nina furaha hata mwandiko umekwenda upande.

Unajua kiwanda cha chai kilinipa kazi ya kununua kuni. Boila ndiyo inayotoa mvuke wa kukausha majani, na boila haishibi. Miaka yote kuni zilitoka mlimani, juu ya chemchemi wanakochota maji akina mama wa hapa. Miti ya kienyeji ilikatwa hadi maji yakawa ya kudondoka tu. Basi wakubwa wakaamua tununue blugamu, ile mikaratusi ambayo wakulima wamepanda wenyewe. Tangazo likabandikwa getini, nami nikadhani kazi imekwisha.

Wapi! Watu walilisoma wakaendelea vile vile. Mzee Koskei, mwenye trekta kubwa kuliko zote upande huu, akaleta trela imejaa miti ya mlimani. Nikakataa kumfungulia.

"Wewe umetoka ziwani juzi," akasema, "leo unatufundisha msitu wetu?"

Niliogopa, Mama. Unajua maneno kama hayo, ya nani mwenyeji na nani mgeni, yamewafikisha watu wapi miaka hii. Lakini nikamwambia, "Mzee, nakuheshimu. Hizi siwezi kupokea." Akageuza trekta bila kuniaga.

Halafu blugamu tuliyopata ikawa mbichi. Boila ikatoa moshi mtupu. Rono, anayelisha boila, akanifuata uwanjani macho mekundu. "Akinyi, kwa kuni hizi si afadhali tuanike chai juani?" Meneja naye akaniita. Alisema kwa sababu ilikuwa kiangazi na majani ni machache, tungevumilia. Lakini mvua ikianza kabla sijapata kuni kavu, tungerudia za mlimani.

Sikubandika tangazo lingine. Nilimwomba Rono tuzunguke majumbani, tuulize badala ya kuamuru. Tulianza kwa Mama Chebet, mjane mwenye blugamu kando ya ua.

"Mama Chebet, mbona unatuletea kuni mbichi?" nikamuuliza.

"Nikiziacha barabarani zikauke, asubuhi sizikuti. Na shule zinafunguliwa, karo inatakiwa. Wewe ungefanyaje?"

Kila boma walitujibu hivyo hivyo. Hakuna aliyeuchukia msitu, Mama. Waliogopa wezi, waliogopa kungoja malipo.

Kwa Koskei tulikwenda mwisho. Alituacha tumesimama. Ndipo mke wake akatoka jikoni akifuta mikono. "Waambie ukweli! Mimi ndiye ninayeshinda pale chemchemi nikingoja mtungi ujae."

Mzee akaniuliza, polepole, "Na trekta yangu itabeba nini?"

"Ibebe blugamu ya majirani. Wengi hawana cha kubebea."

Akatuambia tuketi. Tukaletewa chai.

Nilirudi kwa meneja na ombi moja: kiwanda kipokee kuni mbichi na kulipa papo hapo, kisha kizikaushe chenyewe. Akakubali. Rono na wenzake wakajenga banda kwa mabati ya zamani, wakaacha pande wazi upepo upite. Koskei akazunguka na trekta boma hadi boma. Kuni zikapangwa mpaka zikagusa paa.

Mvua ikaja, Mama, na majani yakaja kwa malori. Rono akasukuma blugamu kavu ndani. Sote tuliangalia mshale wa kipimo cha mvuke. Ukapanda, ukapanda, ukakaa. "Imeshika!" Rono akapiga kelele, akanikumbatia na masizi yake yote. Tangu siku hiyo boila haijazimika, wala hakuna jani lililoharibika kwa kukosa mvuke.

Kwenye mkutano wa wakulima Koskei alisimama mwenyewe. "Hata mimi nikileta mti wa mlimani, huyu mama anirudishe. Mkiona ananipendelea, mnilaumu mimi." Watu walipiga makofi, na mke wake akapiga kigelegele kilichowazidi wote. Hapo meneja akatangaza kuwa nimekuwa mkuu wa ununuzi, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho kiwandani hapa. Nililia mbele ya watu, Mama, na sikuona haya.

Msalimie Baba. Msalimie Nyanya, umwambie bado nasali kabla ya kula. Msalimie shemeji mwenye cherehani, na dada yangu Atieno aache kumchokoza. Mungu awalinde wote.

Ukinijibu, andika cheo changu chote juu ya bahasha, kwa herufi kubwa. Nataka kila mtu hapo posta akisome.

Ni mimi binti yako,
Akinyi
Mkuu wa Ununuzi