Tumbo Halina Masikio

Ndia Kuu, Mombasa
3 Februari 2025

Kwa mwanangu Shoaib,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima huko Ghuba, na joto halijakuyeyusha juu ya hiyo winchi ya bandarini unayoiendesha. Huku kwetu hatujambo. Shangazi yako Khatoon magoti yanamtesa kama kawaida. Mkeo Zoya yu salama, mimba imeingia mwezi wa sita, anakula kwa watu wawili na kununa kwa watu watatu. Barua hii naiandika kwa mkono, naye ataipiga picha akutumie. Nimemwambia asisome, na najua atasoma.

Sasa sikiza. Nyumba hii unaijua: duka la vinyago chini, nyinyi juu, na katikati ni boriti na mbao za zamani zisizozuia hata chafya. Kila alasiri Zoya hujilaza, akaweka simu juu ya tumbo, na sauti uliyomrekodia ikateremka mpaka dukani: "Kipenzi changu, ni mimi baba yako, leo nimekula wali na samaki." Juzi nilikuwa na wageni wawili walioletwa na Jamaldin, yule mtembeza watalii. Wakauliza ile ni redio gani. Jamaldin akawatafsiria neno kwa neno, wakacheka mpaka wakasahau kununua. Tangu hapo akipita mlangoni hanitolei salamu ya Kiislamu. Husema, "Kipenzi changu, ni mimi baba yako."

Shoaib, mwanamume hazungumzi na tumbo. Tumbo halina masikio. Kilichomo bado hakina jina, hakijui juu wala chini, na wewe wakipa habari za samaki. Zoya asema mambo haya umeyapata kwa mtaalamu wa kwenye simu, mwenye shati la maua, anayefundisha saikolojia ya watoto ambao hawajazaliwa. Wale waliokwisha kuzaliwa amewamaliza?

Nimekataza. Simu isiwekwe tumboni tena nyumbani mwangu. Ukitaka kusema na mwanao, ngoja aote meno.

Baba yako,
Alibhai


11 Februari 2025

Baba yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Mkono wako naubusu. Mimi ni mzima wa afya, na natumai sukari yako imetulia na kwamba chai unainywa bila utamu kama ulivyoambiwa, ingawa sina imani.

Nilijua utacheka. Kila usichokiuza dukani wewe hukicheka. Lakini haya yamepimwa na watu waliosomea, si mambo ya kupigia soga barazani. Mtoto akifika miezi hiyo husikia. Maneno hayaelewi, ila hushika mwendo wa sauti, inavyopanda na kushuka. Akizaliwa, macho yake yakiwa bado hayaoni mbali, hugeukia sauti aliyoizoea. Hata ladha ya chakula cha mama humfikia humo alimo. Wewe waweza kutaja bei ya kila kinyago mtaani, Baba, lakini hili hulijui, na usilolijua ungelinyamazia.

Mwanangu atazaliwa Mei. Mkataba wangu hauniachii mpaka Septemba. Nataka siku nitakayoingia mlangoni aone nimerudi, asione nimekuja.

Mimi nalijua jambo hili kwa upande wa pili. Uliporudi kutoka kwenye biashara zako za Kisangani nilikuwa tayari natembea na kusema. Nilijificha nyuma ya marehemu Mama, nikamuuliza mtu huyu ataondoka lini. Wewe hukisimulia kisa hicho harusini na watu hushika mbavu. Mimi sijawahi kuona cha kuchekesha. Sitaki mwanangu amuulize mama yake nitaondoka lini.

Nakuomba umruhusu Zoya. Apunguze sauti kama Jamaldin anakukera.

Mwanao,
Shoaib


Ndia Kuu
20 Machi 2025

Mwanangu Shoaib,

Assalaam aleikum, na Ramadhani karimu. Sisi hatujambo. Swaumu imenishika, tambuu ya kutafuna sina, kahawa sina, hasira ninazo za kutosha nyumba nzima. Natumai nawe wafunga, na kwamba mwenye shati la maua hajakukataza.

Ruhusa sikupi. Kuhusu Kisangani, nilikwenda kutafuta riziki, kama uendavyo wewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Na hukufa. Ulilia, nikakununulia gari la bati, ukanijua.

Lakini kwa kuwa wasema tumbo linasikia, nimeona ni dhambi kuliacha bila elimu. Kila jioni kabla ya futari, Zoya na shangazi yako wakikaanga bhajia, mimi husimama mlango wa jikoni na kulisomesha. "Haya, bwana mkubwa, habari za huko ndani? Baba yako asema wewe ni msomi. Hebu niambie, leo ni mwandamo wa ngapi? Hujui? Na mnazi wa nani uliompa baba yako akili za nazi? Hilo pia hujui." Namweleza watalii walivyo mabahili, namweleza Jamaldin ni mjinga kiasi gani, namsomea makosa yako yote tangu utotoni, na hayo hayajaisha. Zoya hucheka mpaka anashika kiuno.

Jana nilimuuliza bwana mkubwa, "Wanisikia wewe, au nalipigia kelele bakuli la unga?" Akampiga mamake teke, bhajia ikaanguka. Shangazi yako akasema mtoto amejibu. Nikamwambia mtoto amepata kiungulia kwa pilipili za Zoya. Akanitazama vile anavyonitazama nikikosea hesabu.

Basi mwambie mtaalamu wako kwamba darasa lipo, na mwalimu hataki malipo.

Baba yako,
Alibhai


2 Aprili 2025

Baba,

Waaleikum salaam, na Idi njema kwenu nyote. Mimi ni mzima.

Umeikataza sauti yangu ukaweka yako. Umefanya hivyo kwa dhihaka, ndiyo, lakini mtoto hajui dhihaka ni nini. Yeye husikia sauti tu, kila jioni, mahali pale pale. Sidhani umelifikiria hilo. Kufikiri kabla ya kusema hakujawahi kuwa desturi yako, na samahani kwa kukwambia hivyo wakati wa Idi.

Nakuomba jambo moja tu. Akizaliwa, usimwadhinie wewe. Najua baba akiwa mbali babu huadhini. Mimi sitakuwa mbali. Zoya atanipigia, nawe uiweke simu kwenye sikio lake la kulia, nimwadhinie mwenyewe. Nataka sauti ya kwanza kuelekezwa kwake awapo duniani iwe yangu. Sijakuomba kitu kikubwa tangu nioe.

Mwanao,
Shoaib


Ndia Kuu
12 Mei 2025

Mwanangu Shoaib,

Assalaam aleikum. Alhamdulillahi, mtoto ni mzima, mama ni mzima, na mimi sijalala vizuri tangu Ijumaa. Kuhusu jina, Zoya amelishikilia la Tasnim, na siku ya saba tutachinja. Pua ni yako, masikini.

Naandika kwa sababu Zoya atakusimulia kwa chumvi, na shangazi yako kwa chumvi na ndimu. Nilifanya ulivyotaka. Nesi alinipa mtoto, nikaiweka simu kwenye sikio la kulia kama mpumbavu. Ukaanza vizuri. Mara sauti ikakatika, ikarudi, ikawa ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya ndoo, kisha kimya. Nikangoja. Tukakupigia tena, hukupatikana. Mtoto alikuwa akilia tangu mwanzo, amekuwa rangi ya zambarau, na watu wa vitanda vya jirani wanatutazama.

Nikaikaripia simu. Sikusema la maana. Nilisema, "Hebu tazama upuuzi huu. Msomi mzima ameshindwa na waya." Mtoto akanyamaza. Akakunja uso, akageuza shingo, akawa ananitafuta kwa macho yale yasiyoona kitu. Nikanyamaza, akaanza kulia. Nikasema tena, akatulia.

Shangazi yako akasema, "Akujua huyo. Ndiyo sauti ya mlango wa jikoni." Nikamwambia watoto wote hunyamaza wakichoka. Akasema, "Basi mwadhinie, Alibhai, usimwache na nusu."

Adhana si tangazo la redio kuachwa katikati. Niliimaliza mwenyewe. Ni bahati tu, Shoaib, usimweleze mtaalamu wako, atavimba kichwa.

Baba yako,
Alibhai


Ndia Kuu
15 Juni 2025

Shoaib,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, na arobaini ya Zoya inakaribia kutimia. Hujaniandikia. Zoya asema wazungumza naye kila siku, ila mimi nikipita nyuma yake simu hukatika. Mtandao wa siku hizi umejifunza adabu mbaya.

Nitakueleza mambo yalivyo, maana hakuna mwingine atakayekueleza bila kukupaka mafuta. Tasnim hulia kila jioni, saa zile zile za futari nilizokuwa nikilisomesha tumbo. Wanawake humbembeleza, humwimbia, humzungusha ukumbini. Hapana. Nikipanda ngazi nikauliza, "Nani huyu anayetutia aibu mtaani?" hutulia, akanisikiza kama hakimu. Mwanzoni nilifurahi. Nilitembea Ndia Kuu kifua mbele, nikamwambia hata Jamaldin.

Kisha nikamwona Zoya akiiweka simu yako karibu naye. Sauti yako ikianza hulia, ikiisha hulia. Hakujui, mwanangu. Nisikudanganye. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na sauti ya mbali ndiyo hiyo. Nilidhani siku nitakayokushinda katika jambo hili nitacheka. Sikucheka. Iliniuma, na bado inaniuma.

Basi tangu juma lililopita sisemi ghorofani. Nikitaka chumvi naonyesha kidole. Nikikasirika nateremka dukani kuwagombeza wateja. Nimeiondoa ile amri yangu, sauti yako sasa inachezwa asubuhi na jioni, nyumba nzima, habari za samaki na zote, na Jamaldin amezihifadhi kwa moyo. Nimeona nikijifunga mdomo huenda atapata nafasi ya kukuzoea wewe. Ni upuuzi, najua. Jioni hulia mpaka anakauka sauti, nami nimekaa kwenye ngazi kama jiwe.

Kama wajua dawa nyingine, sema.

Baba yako,
Alibhai


22 Juni 2025

Baba yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Mkono wako naubusu. Mimi ni mzima, na natumai sukari haijapanda kwa hasira ulizozimeza.

Nilikuonea wivu. Wivu mbaya, wa kushindwa kula. Siku ile mtandao ulipokatika nilikaa ndani ya winchi na adhana nusu kinywani, na Zoya aliponieleza yaliyofuata nilikuchukia. Nilisema moyoni kwamba hata hili umeninyang'anya, tena bila kulitaka, kwa kulicheka tu. Mtu akishindana na wewe akashindwa ni sawa. Wewe ulinishinda ukiwa wakaanga maneno mlango wa jikoni.

Zoya amenitumia picha yako ukionyesha chumvi kwa kidole. Sijawahi kukuona umefunga mdomo, hata matangani. Nikaitazama sana.

Baba, acha. Mtoto mdogo kiasi hicho ametoka mahali alipopazoea akaja pasipofahamika, na kitu kimoja tu kimemfuata kutoka huko, nacho ni sauti yako. Ukiizima hanipati mimi. Anatukosa sote wawili. Hilo silitaki, hata kwa ajili yangu.

Panda ngazi umgombeze. Nitukane na mimi ukitaka, hilo huhitaji kufundishwa. Lakini ukinitukana taja jina langu. Mwambie habari zangu kwa sauti anayoiamini.

Narudi mwanzoni mwa Septemba, inshallah.

Mwanao,
Shoaib


Ndia Kuu
30 Agosti 2025

Mwanangu Shoaib,

Assalaam aleikum. Sisi sote wazima. Zoya amepaka rangi mlango wa chumba chenu, na rangi yenyewe ni mbaya. Shangazi yako akusalimu.

Kila jioni nampakata Tasnim na kumweleza habari zako. Nimemwambia baba yake aitwa Shoaib, na kwamba Shoaib alikuwa mtoto mtundu, mwoga wa paka, mvivu wa chuo cha Kurani. Nimemwambia Shoaib apanda juu ya chuma kirefu katika nchi ya watu kuinua mizigo isiyo yake ili yeye avae. Nimemwambia baba yake ana mambo ya kipumbavu kichwani, na kwamba moja kati ya hayo lilikuwa kweli, moja tu. Nikitaja jina lako hutazama midomo yangu. Sisemi anaelewa. Nasema hutazama.

Lakini usije na matumaini ya sinema. Utakapompakata atalia. Atakulilia usoni, mbele ya majirani, na utataka kumrudishia mama yake utoke nje ukatembee. Mimi uliponililia nilitoka. Wewe usitoke. Usije na mdoli wala gari la bati. Ukifika mlangoni anza kusema tangu chini, panda ngazi ukisema, na uketi naye ukisema, hata kama ni habari za samaki. Mimi nitakuwa dukani, mdomo nimefunga.

Akilia, usinyamaze.

Baba yako,
Alibhai