Namba Yako Nimeibeba kwa Mgongo

Wanjilu,

Wewe huna adabu. Mtu mwenye adabu hafi akiwa ameshajiandikisha mbio. Namba yako ilikuwa imekunjwa vizuri kwa kabati yangu, pini nne ziko tayari, na wewe ukaona wiki tatu kabla ya Boxing Day ndiyo wakati mzuri wa kuniacha. Si ungengoja kidogo? Ungekimbia, ule kuku, ulale siku mbili, halafu uende kama mtu amemaliza kazi yake. Lakini tangu uolewe kwa hii boma hujawahi kungoja mtu.

Sasa sikiza, kwa sababu kalamu inanichosha mkono, na darasa la tatu nililosoma unalijua. Nimekimbia. Ilikuwa jana. Nimekuwa wa pili. Usicheke. Tulikuwa wangapi nitakwambia, lakini si sasa.

Kwanza habari za nyumbani. Ng'ombe wako wa pembe moja amezaa, tena jike, ana alama nyeupe hapa kwa paji la uso. Kijana wako alitaka kumuuza hata kabla watu wa matanga hawajarudisha viti. Nikamwambia aguse hiyo kamba aone. Maharagwe yako nimevuna, yako kwa gunia. Sukuma wiki yako kuku wamemaliza, na hiyo ni makosa yangu, sikufunga ua. Na jikoni kwako naenda kupika kila Jumapili, hata kama ni chai tu, ili moshi itoke. Nilishazoea. Kila asubuhi nikiamka naangalia paa lako kabla sijanawa uso. Ile siku moshi haikutoka nilijua. Nilisimama hapo na ndoo, nikajua, hata sijapiga hodi.

Hayo tuyaache.

Ulipokuja hapa sikukupenda, na wewe ulijua. Mume wetu Wanyonyi aliniambia ati analeta msaidizi. Msaidizi! Kumbe ni msichana wa Kikuyu kutoka Kitale, mrefu, anatembea kama barabara ni ya baba yake. Nilikupa kiti kile cha mguu mbovu. Ukakaa juu yake mwaka mzima bila kuanguka na bila kusema neno, na hiyo ndiyo iliniudhi kabisa.

Halafu mambo ya majina. Wewe ulikuwa unaniita Serina. Nami nakuita Wanjilu. Nilifikiri unanidharau, kumbe na wewe ulikuwa unafikiri hivyo hivyo. Nilikuwa nakwambia, "Ni Selina!" Unajibu, "Si ndiyo nimesema, Serina?" Na wewe unaniambia jina lako lina R, nami nasema ndiyo, nimesikia, Wanjilu. Masikio yangu yalikuwa yananiambia nimesema sawa. Wanyonyi alikuwa anacheka mpaka chai inamwagika: "Nimeoa wanawake wawili na hakuna mmoja anajua jina la mwenzake." Miaka thelathini na mbili.

Mzee akaenda zake, tukabaki wawili na presha zetu. Unakumbuka yule nesi wa zahanati? Msichana mdogo, amenyoosha kidole kama mwalimu: "Nyinyi kina mama mtembee kila siku, mtoke jasho." Mimi nikaenda nyumbani nikalala. Wewe kesho yake ukavaa raba, ukafunga leso juu ya trakisuti ya mzee, ukatoka. Si kutembea. Kukimbia! Nilikuona unapita kwa shamba langu la mahindi, roho ikaniuma. Huyu atapona anizike, nikasema. Nikatupa jembe nikakufuata.

Na mzee Barasa, jirani yetu, akatuona. Wewe mbele, mimi nyuma, leso zinaruka. Akatoka mbio na fimbo yake kuja kuamua ugomvi: "Mama, muache! Muache mwenzako! Mzee ameshakufa, mnagombania nini tena?"

Na wewe hata hukusimama. Ukapiga kelele ukienda: "Ni daktari amesema anifukuze!"

Nilicheka nikakaa kwa barabara. Hiyo ndiyo siku ya kwanza tulicheka pamoja, Wanjilu. Wajukuu tayari walikuwa wameota meno, na ndiyo tunacheka siku ya kwanza.

Basi tukawa watu wa mbio. Bumula nzima ikatujua. Wengine wakasema ni uzee umetuingia kichwani, wengine ati tumeingia dini mpya. Wewe hukujali. Ulikuwa unanipigia kelele kila asubuhi: "Serina, shusha mabega, hujabeba mahindi!" Nikienda kwa nguvu nikiona watu: "Serina, pumzi si ya kuonyesha watu!" Nilikasirika. Lakini mabega nilishusha.

Sasa nitasema ile ya Kitale, ambayo sikusema ukiwa hai kwa sababu mdomo wangu ni mgumu.

Mwaka Mpya uliopita tulienda kwenu kukimbia. Nilitaka watu wako wanione. Nikatoka kama mbuzi amefunguliwa kamba. Wewe uliniambia pole pole, nikasema wewe nyamaza. Tukafika kwa ule mlima, miguu ikakataa. Nikaona miti inazunguka. Wewe ulikuwa mbele, wa tatu, na wa tatu alikuwa anapewa blanketi, ile nene, ulikuwa umeishika asubuhi na mkono ukasema hii italala kwangu. Ukageuka. Ukarudi chini ya mlima. Ukanishika mkono tukatembea mpaka mwisho, wanawake wote wakitupita, hata yule alikuwa anachechemea. Kaka yako Kamau alikuwa amesimama kwa utepe na chupa ya maji. Akakuuliza kwa nini umerudi. Ukasema, "Ningefika nimwambie nani?"

Mimi sikusema asante. Nilisema barabara ya Kitale ni mbovu.

Basi Novemba, mimi ndiye nilienda kutuandikisha mbio za Boxing Day, kwa sababu wewe ulikuwa na siku ya kliniki. Kijana wa kuandika akauliza jina, nikamwambia. Akaandika kwa namba na kalamu nene: WANJILU. Nilikuletea, ukacheka mpaka ukashika ukuta. "Serina, umenibatiza upya!" Nikataka kurudisha. Ukakataa. "Wacha. Nikishinda watajua ni wewe uliniandikisha."

Ilikuwa kitu ya kucheka hapo.

Ukafa. Fundi wa msalaba akanipigia simu, anataka jina. Mimi ndiye mke mkubwa, ni kazi yangu. Nilikuwa nalia, lakini nilimtajia vizuri, nikarudia mara mbili. Siku ya mazishi wakatoa msalaba kwa gari, wakauweka karibu na jeneza, na watu wako wote wa Kitale wamekaa hapo mbele na nguo zao nzuri. WANJILU. Maandishi makubwa, meusi. Hakuna mtu alicheka. Kamau akasimama, akaangalia hiyo kitu, akasema bila kuinua sauti, "Amekaa kwenu miaka thelathini na mbili, na hata jina lake hamjui."

Nimetukanwa na watu wengi mimi. Wengine niliwarudishia na faida. Lakini huyo alikuwa amesema ukweli. Tulikuzika na jina langu la makosa, wakapanda gari yao, hata chakula hawakugusa. Nilipika mchele wa kutosha harusi nzima, ukabaki.

Nikakaa siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa nafukuza kuku wasiingie kwa mahindi niliyoanika. Nikawafukuza vile nafukuza siku zote: "Krrrr! Krrrr!" Nikasimama na ungo mkononi. Nikasema tena: krrrr. Kumbe! Ulimi wangu unayo hiyo R! Ilikuwa hapo miaka yote. Nimewapa kuku, wewe nikakunyima.

Aibu ilinishika, Wanjilu. Halafu hasira. Halafu nikampigia Kamau simu. Sikumsalimia sana. Nikamwambia, "Boxing Day njoo usimame kwa utepe pale mjini Bungoma. Uje na masikio yako." Nikakata kabla hajakataa.

Kutoka hapo kila asubuhi nilikimbia peke yangu na jina lako. Wa, nji, ru. Hatua tatu. Kwanza ilikuwa inatoka lu. Nikaanza na kuku: krrr, krru, ru. Watu wa barabarani wakasema mama amepandwa na maombi. Mzee Barasa akaniuliza, "Leo unamfukuza nani?" Nikamwambia ni yule yule.

Jana tukaanzia upande wa Kibabii. Namba yangu niliweka kifuani. Yako nikaiweka kwa mgongo, pini nne. Kijana mmoja mwenye fulana ya wasimamizi akanisimamisha: "Shosho, namba mbili haiwezekani." Nikamwambia kwanza mimi si shosho yako, kwetu nyanya anaitwa kukhu, tena mimi ni kukhu wa watu, si wako. Pili, hesabu vizuri: hapa kuna wanawake wawili. Akaangalia mgongo wangu, akaangalia uso wangu, akapata kazi nyingine ya kufanya huko mbele.

Wakapiga filimbi. Vijana wakaruka kama nzige. Nami nikataka kuruka, unanijua. Lakini nikasikia mabega yamepanda karibu na masikio, nikayashusha. Wa, nji, ru. Mwanamke mmoja mnene akanipita, nikamwachilia. Wewe ungenisifu, nilimwachilia kabisa! Nikamkuta mbele kwa kona, ameshika kiuno anaongea na Mungu. Wa, nji, ru. Pale karibu na soko miguu ikaanza yale mambo ya Kitale. Nikatafuta mtu wa kunishika mkono. Hakuna. Nikapeleka mkono nyuma, nikagusa ile karatasi. Ilikuwa imelowa jasho lakini ilikuwa hapo. Nikaenda.

Sasa nitakwambia. Wamama wa miaka sitini na zaidi tulikuwa watano. Haya, cheka. Wa kwanza ni mwalimu mstaafu wa Sirisia, miguu kama ngazi, hata jasho hakutoa. Wa pili ni mimi. Lakini wawili walishindwa njiani na mmoja alikuja na bodaboda, kwa hivyo heshimu hiyo namba mbili.

Kijana wa maiki alikuwa anapiga kelele, "Shosho wa moto huyo anaingia! Mpigieni makofi! Anaitwa Selina... na ngoja, nyuma ameandikwa... Wanjilu?" Watu wakacheka. Nikamwendea nikanyang'anya hiyo kitu. Pumzi sikuwa nayo. Nikamuona Kamau kwa utepe, mikono kwa mfuko, kofia imeshuka kwa macho. Alikuwa amekuja. Nikasema kwa watu wote:

"Wanjiru."

Ikatoka. Nikaogopa imetoka kwa bahati, nikarudia. "Wanjiru! Huyo ni mke mwenzangu. Ni yeye alinifundisha kukimbia. Mimi ndiye nilikosea jina, si yeye, si fundi." Halafu nikamrudishia kijana maiki yake kwa sababu nilikuwa nataka kukaa chini.

Kamau alikuja akachuchumaa, akanifungulia kamba za raba, kwa sababu miguu ilikuwa imefura. Kaka yako mkubwa, mbele ya watu, anafungua raba za mke mwenza wa dada yake. Wameniambia zawadi ni chupa ya chai, nyekundu. Si blanketi, lakini hata wewe ungeipenda, haivuji. Tukaja nayo nyumbani, nikapika chai jikoni kwako, tukaijaza, tukakaa hapo karibu na wewe tukanywa. Akasema, "Asante, Serina."

Serina. Na R yake yote. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka kumrekebisha. Nikaufunga. Nilifikiri hakuna mtu amebaki duniani wa kuniita hivyo.

Sasa, Wanjiru. Unaona? Hata kwa karatasi imekubali. Asante ya Kitale, chukua. Nimechelewa nayo mwaka mmoja, lakini nimeibeba mwenyewe.

Fundi anakuja Jumatatu na rangi. Nimemwambia akifika kwa ile herufi aniite, nisimame hapo mpaka amalize, na akikosea atakula hiyo brashi. Mwaka Mpya tuko Kitale. Kamau amesema atapika mukimo, na alisema "mkija", hakusema "ukija", nilimsikia vizuri. Namba yako itakaa kwa mgongo wangu tena, na safari hii imeandikwa sawa. Ule mlima nitaupanda pole pole, naahidi, na wewe usirudi chini kunitafuta. Ningoje huko juu.

Ng'ombe nimekamua, kuku wamelala, moshi ya kwako imetoka leo. Huna kazi. Shusha mabega, Wanjiru, hujabeba mahindi. Lala.

Ni mimi,
Serina