Mafaili Yake Yaligoma Kunakiliwa, Nikamchongea

Mama Esnath, shikamoo. Ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Mafinga na sikuwahi kudhani nami nitakuandikia, lakini jambo hili limeninyima raha na sina wa kumwambia, maana shuleni kwetu siku hizi hakuna anayemwamini mwenzake, ukiingia ofisi ya walimu watu wanakatisha mazungumzo, kila mtu simu yake kaigeuza uso chini, na mimi nina sehemu kubwa katika hayo.

Naitwa Lugano, mwenyeji wa Mbeya, nafundisha kompyuta katika sekondari moja ya binafsi na ndimi ninayetunza mashine zote za ofisini. Mwezi wa saba mtihani wetu wa ndani wa Fizikia wa kidato cha nne ulivuja. Mzazi mmoja, dereva wa lori la mbao, aliukuta kwenye begi la mwanawe siku mbili kabla haujafanyika, akauleta kwa mkuu wa shule, Mwalimu Saulo. Aliyeutunga ni Mwalimu Tekla, dada wa Kihehe kutoka Ipogolo kule Iringa, ambaye ndiye pia mkuu wa taaluma. Hakuna aliyemtaja waziwazi, ila wote tulianza kumtazama anapopita.

Wiki hiyohiyo zililetwa kompyuta mpya, nikapewa kazi ya kuhamisha vitu vya walimu kutoka zile za zamani. Kila mtumiaji ana profaili yake, yaani sehemu yake ndani ya kompyuta yenye nyaraka, picha, barua pepe na mipangilio yake, na kazi yangu ilikuwa kunakili kila profaili kwenda kwenye diski ya nje. Za wengine zilipita bila shida, ya Mwalimu Tekla ikagoma, mafaili arobaini na tatu yakakataa kunakilika, mengine yakisema yanatumika na mengine yakisema sina ruhusa, na miongoni mwake kulikuwa na faili dogo lililofichwa, mwanzoni lina alama za ajabu kisha maneno "ihani wa Fizikia", kama "Mtihani" uliokatwa herufi mbili za kwanza, na nilipojaribu kulifungua likakataa, na mimi moyoni nikasema, kumbe ni yeye kweli.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Saulo. Nikamwambia, "Mkuu, kuna mafaili kwenye mashine ya Mwalimu Tekla yamefungwa, hayanakiliki."

Akauliza, "Ameyafunga yeye mwenyewe?"

Nikajibu, "Ndiyo."

Mama, hiyo "ndiyo" ndiyo inayoniuma mpaka leo. Mwalimu Tekla akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu nami nikiwepo, akaulizwa kwa nini anafungia mafaili ya ofisi, akasema kwa upole, "Mimi hata sijui faili linafungwaje. Mwalimu Lugano si huyu hapa? Mwulizeni yeye." Wote wakanigeukia nikatazama chini, wakadhani naona aibu kwa niaba yake. Siku hiyo akaambiwa akae nyumbani mpaka bodi ya shule ikutane, akakusanya madaftari yake akaondoka bila kumuaga mtu.

Sasa wiki iliyopita nilikuwa nanakili profaili yangu mwenyewe, na yangu nayo ikagoma, mafaili sitini na moja, na ndani yake lipo faili dogo lililofichwa lenye alama zilezile na jina la somo nililokuwa nimelifungua muda huo kwenye skrini. Nilikaa nikaitazama ile orodha mpaka chai ikapoa. Nikampigia rafiki yangu Asukile, fundi wa kompyuta wa chuo kimoja huko Mbeya, nikamweleza yote.

Akaniuliza, "Huyo mwalimu, siku ile unanakili, alikuwa amejitoa kabisa kwenye kompyuta au alifunga skrini tu akaenda darasani?"

Nikasema, "Alifunga skrini. Mimi nikaingia kwa akaunti ya msimamizi."

"Basi alikuwa bado yumo, Lugano. Mtu akiwa bado yumo, kompyuta inayashikilia mafaili yake mpaka atoke. Na hilo dogo lililofichwa linajitengeneza lenyewe mtu akifungua waraka, ili mwingine asiuandike kwa wakati mmoja. Si yeye aliyelificha."

Mtihani alikuwa ameufungua kwa sababu aliambiwa atunge mwingine badala ya ule uliovuja, kila mtu alijua hilo, hata mimi nilijua.

Nilirudi kwa Mwalimu Saulo nikamweleza. Alinisikiliza, akainuka akafunga mlango, akasema, "Lugano, wazazi wametulia. Ukija leo na maelezo mengine watasema ofisi nzima haijui inachofanya. Nyamaza, bodi itaamua Ijumaa." Tangu hapo namshuku hata yeye, maana mtihani ule ulichapwa kwa printa iliyomo ofisini mwake, kisha najiuliza mimi nina haki gani ya kumshuku mtu tena. Mkataba wangu unaisha Desemba, nina mke na mtoto mchanga, na nilikuwa natimiza wajibu wangu tu. Nikisema nitaonekana mjinga na mkaidi, nikinyamaza dada wa watu anapoteza kazi. Nifanyeje, Mama? Namba yangu ya simu nimeiandika hapo chini.

Lugano, Mafinga

JIBU LA MAMA ESNATH

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilinifikia Jumanne, na bodi ilikuwa inakaa Ijumaa. Gazeti hili linatoka Jumapili, kwa hiyo sikungoja kuchapa, nilikupigia. Majina yote hapa nimeyabadili, ila tuliyozungumza nayaweka wazi, kwa sababu wapo wengine kama wewe.

Nakupa pole, maana kukosea na kujua umekosea ni mzigo. Pole hiyo inaishia hapo.

Unasema ulikuwa unatimiza wajibu wako. Wajibu wako ulikuwa kusema, "Mafaili yamekataa, sijajua sababu." Hukuulizwa na mkuu wako unadhani nini, uliulizwa ni nani aliyeyafunga, ukajibu jambo usilolijua. Nilimwonyesha barua yako Bwana Timotheo, fundi wa kompyuta zetu hapa gazetini. Akasema jambo la kwanza ni kumwambia mwenye mashine ajitoe, au kuizima na kuiwasha upya, ndipo unanakili, na yanayogoma baada ya hapo unasoma sababu ya kila moja kabla hujamtaja mtu. Alishangaa kwamba wewe, mwalimu wa kompyuta, hukulifanya hilo.

Mimi sikushangaa, nilishuku. Nikajiuliza, kijana huyu ameandika mpaka habari za chai kupoa, mbona hajasema nani amekalia kiti cha taaluma tangu Tekla aondoke? Ndilo swali la kwanza nililokuuliza kwenye simu. Ukasema, "Ninakaimu mimi, Mama."

Nikakuuliza kama mliwahi kuigombea nafasi hiyo. Ukasema mwezi wa pili, naye akakushinda.

Sisemi ulipanga kumwangusha. Umeniapia hukupanga, nami nakubali. Ila ulitaka awe na hatia, ndiyo maana hukurudia kunakili. Angekuwa ni mwalimu unayempenda ungeizima ile kompyuta ukaiwasha.

Nilikuagiza uandike maelezo yako ukurasa mmoja, uweke tarehe na sahihi, nakala moja umpelekee Tekla mwenyewe kabla ya Ijumaa. Ulinisikia. Jumatano ulipanda gari mpaka Ipogolo. Uliniambia alikupokea mlangoni akiwa amejifunga kanga juu ya sweta, akaisoma karatasi amesimama, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

"Hii umempa na mkuu?"

"Nimempa. Na katibu wa bodi."

"Ulipokuwa unatazama chini siku ile, ulikuwa unajua?"

"Sikuwa najua. Lakini sikuwa na uhakika pia kwamba ni wewe."

Akasema, "Haya," akaingia ndani na karatasi yake, hakukukaribisha. Uliniuliza kama hiyo ni dalili ya msamaha. Hapana, mwanangu. Ni mtu amepokea karatasi aliyoihitaji. Usimfuate kwa simu wala kwa ujumbe, usimtume mchungaji akuombee radhi. Akitaka kusema na wewe anapajua unapofanya kazi.

Ijumaa uliibeba kompyuta yako mbele ya bodi, ukanakili profaili yako mafaili yakagoma, ukajitoa, ukaingia upya kwa akaunti ya msimamizi, yakapita. Bodi imemwita Tekla arudi kazini Jumatatu, na uchunguzi wa mtihani unaanza upya bila jina la mtu. Mkuu wako hakukusalimia ulipotoka. Huenda mkataba wako usiongezwe, siwezi kukudanganya kuhusu hilo. Na hiyo printa, usiitaje kwa yeyote isipokuwa wachunguzi wakikuuliza, nawe useme ulichokiona tu.

Limebaki moja, na hili hukuniambia mpaka nilipokuuliza. Bodi imemrudisha kufundisha, kuhusu taaluma haikusema kitu, nawe umeona unyamaze usubiri. Usisubiri. Leo ni Jumapili. Ukitoka kanisani andika barua fupi ya kuacha kukaimu, usiweke sababu ndefu. Kesho uwahi shuleni kuliko walimu wote, barua umpe mkuu mkononi, vitu vyako uvirudishe kwenye meza yako ya zamani, na funguo za ofisi ya taaluma uziache juu ya meza ya Mwalimu Tekla kabla hajaingia getini.