Chapeo Niliyosema Si Yangu

DeSoto, Texas
Jumapili, 9 Juni 2002

Baba yangu,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta umekaa barazani, upande ule unaopata jua la asubuhi, na kwamba macho hayajazidi kukuuma. Mama naye shikamoo yake. Goti linamruhusu kushuka shambani? Masika yalipanda mpaka kwetu Ugweno, au yaliishia tambarare kama mwaka jana? Mimi ni mzima. Sikio la kulia linavuma tangu Machi, na kidole gumba cha kushoto kinaota ukucha mpya baada ya ule wa zamani kung'oka. Hayo yasikuhangaishe. Ni ya kazi, nawe mhunzi unayajua kuliko mimi.

Najua anayekusomea ni Shemeji Nakijwa. Shemeji, nakusalimu wewe na Kaka Eliya, na nakuomba kwa heshima zote usiruke mstari, hata pale utakapoona haya kuyatamka mbele ya baba mkwe wako.

Baba, nilipokuandikia kwamba nimepata kazi ya chuma huku, ulimwagiza Shemeji anijibu hivi: "Kama kweli Zefania anafua, alete kazi ya kwanza." Jibu hilo lilinifikia tarehe 20 Februari. Nililinakili kwenye daftari langu la kila siku na kulipigia mstari. Leo nakuandikia kwamba kazi ya kwanza haiji. Daftari lipo wazi mezani ili nikueleze kwa tarehe, maana nikieleza kwa moyo nitakukosea adabu.

Oktoba, baada ya yale mashambulizi ya Septemba kusimamisha ndege na mizigo kupungua, ghala nililokuwa nafanyia kazi karibu na uwanja wa ndege lilitupunguza wengi. Ninaishi na Gideoni, Mkongo wa Bukavu, mtu mzima mwenye maneno mengi na roho safi. Yeye ndiye aliyesikia kanisani kwao kwamba kuna fundi nje ya Fort Worth anatafuta mtu wa kufagia na kung'arisha vyuma. Nikaenda. Fundi huyo anaitwa Dale. Zamani alikuwa fundi wa mabati ya ndege. Sasa anatengeneza mavazi ya chuma ya askari wa kale wa Ulaya: dirii za kifua, chapeo za kichwa, glavu za chuma zenye pingili kama mgongo wa jongoo. Ni zile zile mchungaji anazozitaja mimbarani, ila hizi hazimwokoi mtu. Wanunuzi ni wahasibu na madaktari. Kila Aprili na Mei kuna maonyesho makubwa kusini mwa Dallas, ambako watu wazima huvaa kama wafalme, hutafuna mapaja ya bata mzinga, hupigana kwa kujifanya, kisha jioni hupanda magari yao wakarudi nyumbani. Ulisema ni mchezo wa Wazungu. Ni kweli. Lakini chuma chenyewe hakijui kwamba ni mchezo.

Nilianza tarehe 5 Novemba na mwezi wa kwanza sikugusa nyundo. Nilitazama. Utashangaa, Baba: hapa sehemu kubwa ya kazi hufanywa chuma kikiwa baridi. Wanachukua bamba bapa, wanaliweka juu ya gogo lililochimbwa shimo kama kinu kifupi, wanaligonga kwa nyundo ya kichwa cha mviringo mpaka linabonyea kama bakuli. Kisha wanaligeuza, wanalivika juu ya chuma kilichosimama chenye kichwa kama goti, na wanagonga kwa nje, mstari baada ya mstari, wakilisukuma lijikusanye. Likigongwa sana linakuwa gumu na linachoka, nalo likichoka linapasuka. Kwa hiyo lazima lipashwe moto mpaka liwe jekundu, liachwe lipoe polepole, ndipo lianze kugongwa upya. Mwishoni kuna kazi ya kulisawazisha, maelfu ya vipigo vidogo, mpaka alama za nyundo zife zote. Hiyo ndiyo iliyolimaliza sikio langu.

Desemba Dale aliniacha nijaribu. Bamba la kwanza nililipasua. La pili nililipiga sehemu moja mpaka likawa jembamba kama karatasi. La tatu, Dale alisimama nyuma yangu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza nilijuaje kuacha pale nilipoacha. Nikamwambia lilibadilika sauti, limechoka. Akauliza, "Nani kakufundisha?" Nikamjibu hakuna mtu.

Sikusema uongo. Ulitugawa tukiwa wadogo: Eliya nyundo, Zefania kalamu. Ulinikataza hata kuvuta mivukuto. Kila likizo nilikaa nyuma ya ukuta wa kiwanda chako na kitabu cha jiografia, nyundo yako ikinipitia masikioni, mpaka nikawa najua bila kuona ni lini chuma kimepoa na wewe unalazimisha tu kwa sababu umekasirika. Hujawahi kuniuliza kama nilitaka kalamu. Kidato cha nne nilimaliza, na kalamu hiyo imenileta kufagia karakana ya mtu Texas.

Na nyuma ya ukuta huo niliishuhudia siku ya Eliya. Alikuwa amefua mundu, kazi yake ya kwanza. Majirani walikuja, kila mmoja akauliza kama desturi ilivyo, "Mundu huu wa nani?" naye akamjibu kila mmoja, "Si wangu." Ukaupokea, ukautia motoni kwa mkono wako mpaka ukawa mwekundu, ukaufua upya ukawa kisu cha Mama cha kumenyea ndizi. Kisha ukapiga nyundo juu ya fuawe tupu mara tatu, bonde zima likajua nyumba yetu ina mhunzi wa pili. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sikulia, niliendelea kusoma mito ya Afrika.

Basi barua yako ilipofika Februari, nilijua ninachotaka kufanya. Nilimwomba Dale niwe nakuja Jumamosi, siku ambayo si ya kazi, nitumie mabamba yake yaliyokataliwa. Akakubali. Nilifua chapeo, nzima, kutoka bamba moja, bila kiungo. Daftari linaonyesha Jumamosi saba. Ilikuwa ya mviringo juu, ukingo umekunjwa kwa nje, mpasuko mwembamba wa macho. Ndani, juu ya sikio la kushoto, niliacha kikunjo kidogo ambacho sikuweza kukifuta. Hakionekani, kinaguswa tu kwa dole gumba. Nilitaka ukiguse wewe, maana macho yako siku hizi yako vidoleni.

Tarehe 6 Aprili ilikwisha. Niliiweka juu ya meza ili niifungie kwenye boksi. Dale akaingia akiwa na haraka, maonyesho yalikuwa yanaanza wiki inayofuata. Akaikuta, akaiinua, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akapiga mluzi.

"Hii ya nani?" akauliza.

Baba, ulimi wangu ulijibu kabla yangu. Nikasema, "Si yangu."

Nilisema hivyo kwa fahari. Nilihisi Ugweno yote imesimama mlangoni ikinisikia. Dale akaniangalia, akaiangalia chapeo, akasema, "Sawa, basi ni ya duka." Nikadhani anatania. Nikatabasamu, nikaenda kununua kamba ya kufungia boksi. Niliporudi chapeo haikuwa mezani. Nikadhani ameifungia kabatini isidondoke, maana yeye ndivyo alivyo, kila kitu hukifungia. Jumatatu ya baada ya ufunguzi ndipo nilipoambiwa ilipigwa muhuri wa Dale, ikapelekwa kwenye maonyesho, ikauzwa siku ya kwanza.

Nilimwendea. Hatukupigana, lakini watu wa gereji ya jirani walitoka nje kusikiliza.

"Zef, nilikuuliza mwenyewe," alisema. "Ulisema si yako."

"Ni desturi ya kwetu. Kazi ya kwanza huwezi kusema ni yako mpaka baba yako aitie motoni."

"Aitie motoni? Kazi kama ile?"

"Ndiyo."

"Basi nimeiokoa. Rafiki yangu, mimi nina duka, sina jumba la makumbusho. Ungeniambia."

Na hapo ndipo sina la kumshitakia. Ningemwambia. Lakini nani kwetu anauelezea mwiko kabla ya kuushika? Gideoni nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. "Weye mwenyewe ulisema! Muzungu akiulizaka kitu ni ya nani, sema ni yako, hata kama ni ya jirani!" Kisha akaona uso wangu. Akainuka, akasema, "Pole, ndugu. Tutaitafuta."

Mnunuzi alikuwa daktari wa meno wa Sugar Land, karibu na Houston. Gideoni ana dada yake upande huo, kwa hiyo Jumamosi tarehe 18 Mei alinichukua kwa gari lake, mwendo wa saa nne na ushee. Nilivaa suti ya kanisani. Daktari ni mtu mwema, Baba, na hilo ndilo linalonichoma. Alitukaribisha, akatupa soda. Chapeo ilikuwa sebuleni kwenye rafu, kati ya televisheni na vikombe vya mashindano ya gofu. Akaniruhusu kuishika. Nikapitisha dole gumba ndani, juu ya sikio la kushoto. Kikunjo kilikuwepo.

Nikasema kwa sauti, "Hii ni yangu."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutamka neno hilo juu ya chuma, na nililitamka kwenye zulia la mtu, nikiwa nimevua viatu.

"Wewe ni mmoja wa vijana wa Dale!" akafurahi. Mimi nina miaka thelathini na sita. Akamwita mkewe. "Mpenzi, njoo uone, huyu bwana alisaidia kutengeneza ile chapeo!" Wakanisimamisha kando ya rafu, wakanipiga picha nimeishika. Nilitabasamu. Walinitumia nakala kwa posta, nayo nimeiweka humu. Shemeji, mwelezee Baba ilivyo.

Nikamwomba anirudishie, nikamwahidi nitamfulia nyingine bora zaidi. Akafikiri kidogo, si kwa ubaya. "Baba yako atafanya nayo nini?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Ataitia motoni."

Daktari akanitazama, akaitazama chapeo, akaichukua mikononi mwangu taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu, akairudisha kwenye rafu. Akaisogeza nyuma kidogo, mbali na ukingo.

 Tukirudi, tulipokaribia Dallas, Gideoni akaniuliza, "Na yule baba yako, ni juu ya nini hakukufundishaka yeye mwenyewe?" Jibu unalo wewe. Ndiyo sababu nakuandikia wewe na si Eliya.

Baba, hukunipa nyundo, lakini mwiko wake ulinipa. Umenifuata mpaka huku, ukaninyima kinywa siku moja tu niliyokihitaji. Ningekuwa sijui lolote la uhunzi wetu, ningesema "Ni yangu" kama mtu yeyote, na leo boksi lingekuwa linashuka mjini Mwanga. Na sasa nimeutamka usemi huo kabla ya moto wako. Najua nilichokifanya. Kwa sheria yako, kazi ya kwanza sinayo na sitakuwa nayo tena. Ya pili haiwi ya kwanza.

Dale, kwa kutaka kunituliza, amenitengenezea muhuri wa chuma wenye herufi yangu. Anasema kila nitakachokifua kuanzia sasa nigonge muhuri wangu. Upo mfukoni mwa shati hili ninaloandikia. Sijaugonga popote. Nimeanza chapeo ya pili na kila siku naiacha bila alama, Dale anatikisa kichwa.

Sikuombi radhi ya kazi nzuri, maana hujaiona. Nakuomba hivi. Mwambie Eliya akushike mkono akupeleke kiwandani. Fuawe unaijua hata bila macho. Ipige tupu, mara tatu, kama ulivyompigia yeye. Eliya ataniandikia neno moja tu, kwamba umepiga, nami siku hiyo nitautoa muhuri mfukoni. Ukiona sistahili, iache. Usimtume mtu aniandikie sababu. Nilikulia nyuma ya ukuta wako, Baba. Hata usipopiga nitasikia.

Mwambie Mama kile kisu cha ndizi asikitupe kikiisha makali, na asiwe anashuka shambani peke yake. Shangazi Elieshi, dada yako, nilipata salamu zake za Pasaka, namshukuru kwa kuniombea. Mwalimu Yona aliyenifundisha jiografia, kama bado yu hai, mwambieni mito yote naikumbuka. Watoto wa Eliya nawabusu, na yule mkubwa, kama anasimama mlangoni mwa kiwanda akitazama, mwacheni aingie.

Gideoni anakuamkia, ingawa hakujui.

Mwanao wa kalamu,
Zefania