Plagi Aliyoishika Mama

Katandala,
Sumbawanga.
17 Julai, 2024

Mpendwa Dada Adela,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kitwe, wewe, shemeji Mathias na mwanetu Sharon. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Mama anaota moto tangu asubuhi, khanga juu ya sweta, na lawama zote ananipa mimi, kama vile mwezi wa saba nimeuleta mimi.

Kazi yangu ya kukodisha muziki inaendelea. Kinachonisumbua ni plagi za nyaya. Juzijuzi kwenye sherehe ya kipaimara kule Ilemba vumbi liliingia kila mahali, mtu akajikwaa kwenye waya, spika zikanyamaza baba mwenye sherehe akiwa katikati ya shukrani. Watu walicheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Wewe unayefunga mitambo mgodini ndiye wa kunishauri. Hapa mjini nimeona za plastiki, ambazo zinachomoka ukizitazama tu. Zipo pia za chuma, unazungusha mpaka zinajifunga, zina mpira wa kuzuia vumbi na kibano cha kushika waya kwa nyuma. Moyo wangu uko kwenye hizi za chuma, ila sijui kama pini zake zitahimili spika kubwa. Na vile vifuniko vya mpira, ni vya lazima au ni urembo?

Sasa nikuambie la mama. Unayajua masikio yake. Jumapili ukipiga tunaunganisha simu na ile spika ya zamani ili akusikie vizuri. Plagi ya waya ule imelegea, kwa hiyo mama huikandamiza kwa kidole mpaka umalize kuzungumza. Ndiyo maana unalalamika kwamba haongei. Anaogopa akijisogeza kidogo, sauti yako itakatika.

Jumamosi nikamfungia plagi mpya, imara. Kesho yake ulisikika kama uko jikoni unasonga ugali wa ulezi. Nikasubiri kushukuriwa. Simu ilipokatika mama akaitazama mikono yake, akasema, "Polikarp we, sasa mwanangu nimshikie wapi?"

Mimi mwenyewe nimekukumbuka mno, naandika hivi nikiona aibu, mtu mzima na ndevu zangu. Mke wangu Modesta anasema lori likipiga honi tu barabarani, mama anauliza kama limetoka mpakani Kasesya, njia ya kutoka kwenu.

Kwa hiyo plagi, kama huko zipo, usiwape madereva wa malori waniletee. Chagua zilizo bora, uje nazo mwenyewe. Ile ya zamani nimeirudisha, mama kaomba. Ataishika hiyo mpaka akushike wewe.

Modesta anawasalimu nyote. Nisalimie shemeji, na Sharon mwambie bibi amemwekea karanga. Mungu akufungulie njia ya kuja nyumbani.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Polikarp