Kipande Kimoja Kilichobaki

Kaka mpendwa,

Hapa tu wazima kiasi. Mimi mdogo wako nimezidi kunenepa, na miwani naitafuta huku nimeivaa. Simu hupokei, basi nimemtuma shemeji, mume wa dada, kwa pikipiki. Usimkaribishe chai, hana muda.

Mashine ya Mama ya kupumulia imevunjika kile kimkono kinachosukuma pistoni, na madukani hakipatikani. Nikajitia fundi, nikawasha ile mashine yako ndogo ya mezani ya kuchongea vyuma, nikichonge kipya. Kipande cha kwanza nilikibana kwenye jiliwa, kile kibanio chake cha chuma, kwa nguvu zangu zote, kikapinda. Cha pili nikakibana kwa huruma; kisu kikakinyakua na kukirusha ukutani. Mama akasema kutoka chumbani, "Kaka yako angeshamaliza, na mikono ameshanawa." Nilicheka. Yeye pumzi ya kucheka hakuwa nayo.

Nimebakiwa na kipande kimoja. Nakumbuka vipande vyembamba kama hiki ulikuwa huvibani kabisa. Ulivigandisha kwa gundi juu ya bamba nene, ukimaliza unavibandua kwa moto. Gundi gani, kaka? Niliyo nayo inaachia kisu kikigusa tu.

Mtungi wa hewa tulioazima, mshale wa kipimo chake umeingia kwenye nyekundu, na kucha za Mama zimekuwa za buluu. Ule ugomvi wetu, ukipenda, mkosaji ni mimi. Usiandike jibu. Panda nyuma ya shemeji, uje na gundi.

Mdogo wako,
ninayeogopa kuiwasha tena mashine